Jua la Bure na Amri ya Serikali: Je, Yafaa Mwenye Nyumba Kulazimishwa Kupasha Maji kwa Jua?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, na aali zake na sahaba zake, twasema: limeletwa katika darsa yetu suala ambalo kwa juu laonekana ni la mafundi na wajenzi, lakini ndani yake mna mas'ala ya dini na ya muamala baina ya watu. Muulizaji ni mtu mwenye nyumba za kupangisha. Asema: Serikali ina haki gani kumwamrisha mtu aweke juu ya paa lake mwenyewe chombo cha kupashia maji kwa jua, na asipoweka atozwe faini au afungwe? Tena, maji yaliyopashwa na jua si makuruhu katika madhehebu yetu? Na mwisho akauliza, na hili ndilo lililomchoma zaidi, kama hesabu ya jambo lenyewe ni ya kweli, au ni kuwatia watu gharama ili wauza vyombo wapate soko.

Hayo ni masuala matatu yaliyofungwa kitambaa kimoja, nasi hapana budi tuyafungue.

Kanuni anayoikusudia ni ile iliyotolewa mwaka 2012 chini ya Sheria ya Nishati ya 2006. Kanuni hiyo iliamrisha kwamba kila jengo ambalo haja yake ya maji ya moto yazidi lita 100 kwa siku liwe na chombo cha kupashia maji kwa jua, na kwamba jua litoe angalau 60 kwa mia ya joto linalohitajiwa kwa mwaka. Majengo yaliyokuwa yamesimama yalipewa muhula wa miaka 5. Anayevunja amri aliwekewa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Na kampuni ya umeme ikakatazwa kupeleka umeme katika jengo lisilotimiza sharti. Twasema "iliamrisha", kwa wakati uliopita, kwa makusudi. Kanuni za namna hii huandikwa, zikaregezwa, zikaondolewa, kisha zikarudi zimevaa kanzu nyingine, nasi hatupendi jibu letu lisimame juu ya karatasi ya mwaka mmoja. Twataka kujua kama jambo lenyewe lina asili.

Na tuanze na lile jepesi, ili litutoke njiani.

Kila aliyekaa chuoni katika pwani hii akasoma Matn ya Abu Shujaa anakumbuka mlango wa kwanza kabisa, mlango wa maji, na kwamba miongoni mwa maji yametajwa yaliyo tohara na yenye kutoharisha lakini makuruhu kuyatumia, nayo ni maji yaliyopashwa na jua. Basi wako watu ambao, walipoona matangi ya jua yanapandishwa juu ya mahoteli, walikuja mbio na msitari huo mmoja wakidhani wamepata hoja ya kuipinga Serikali. Wangesoma sherehe zake wangetulia. Wanazuoni walioshika ukaruhu huo waliuwekea masharti: maji yawe katika nchi ya joto, yawe katika chombo cha madini kama chuma na shaba, yatumiwe mwilini, na yatumiwe hali yangali moto. Na sababu waliyoitaja ni khofu ya kudhuru mwili, wakitaja maradhi ya mbalanga. Imamu Shafii mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika kitabu chake al-Umm hakulichukia jambo hili ila kwa upande wa utabibu. Naye Imamu Nawawi, ingawa katika Minhaj ameandika lile lililo mashuhuri katika madhehebu, alipofika katika Majmuu na kuzipima hadithi zilizotegemewa, akaona kuwa hazisimami, na akaikata kauli kuwa hapana ukaruhu.

Basi ikiwa ukaruhu ulijengwa juu ya utabibu, na matabibu wa leo hawaoni kwamba maji ya tangi la jua yaleta mbalanga, kilichobaki cha kung'ang'ania ni nini? Kuga maji hayo, tawadha kwayo, wala usitie wasiwasi. Twashangaa tu kwamba watu wale wale wanaokumbuka msitari huu wa Abu Shujaa huwa wameisahau milango ya kuuza na kupangisha iliyo katika kitabu hicho hicho, nayo ndiyo wanayoihitaji zaidi, kama tutakavyoona.

Sasa tuje kwenye kulazimisha.

Asili katika dini yetu ni kwamba mali ya mtu ina heshima, na hapana mtu, awe jirani au awe mtawala, mwenye ruhusa ya kuingiza mkono wake humo bila ya haki. Bei zilipopanda Madina na watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei, alikataa, akaogopa kukutana na Mola wake hali mtu anamdai dhuluma ya damu au mali. Hili ni jambo zito, na kila mwenye kutunga amri juu ya mali za watu yafaa alikumbuke kabla ya kutia saini. Lakini asili hiyo ina mpaka, na mpaka wake ni dhara. Mashuhuri ni kisa cha mfereji wa paa la Sayyidna Abbas, uliokuwa ukimwaga maji njiani wanapopita watu. Sayyidna Umar aliung'oa. Na alipoambiwa kuwa Mtume mwenyewe ndiye aliyeuweka mahali pale, alimtaka Abbas apande mgongoni mwake aurudishe. Watu hukitaja kisa hiki kuonyesha unyenyekevu wa Umar, na ni kweli. Lakini angalia mwanzo wake: hapana aliyemwambia Umar kuwa paa la mtu halimhusu Khalifa. Paa ni la Abbas, lakini kinachoanguka kutoka paani kikawapata wapitao si cha Abbas peke yake.

Kwa hiyo suala si kama Serikali yaweza kuweka sharti juu ya majengo. Yaweza, na huweka kila siku, katika vyoo na ngazi na nguzo, wala hapana anayelia. Mafakihi wametuwekea kipimo: tendo la mtawala juu ya raia limefungwa na maslaha yao. Yakiwapo maslaha, amri ina nguvu. Yasipokuwapo, amri ni mzigo mtupu. Na maslaha hayajulikani kwa maneno matamu ya watungaji, wala kwa manung'uniko ya wenye nyumba. Yajulikana kwa kuhesabu.

Basi tuhesabu.

Kwanza, dhara iko wapi? Wengi wakisikia "nishati ya jua" hudhani kuwa kila yuniti ya umeme Kenya yatoka katika moshi. Sivyo. Zaidi ya 80 kwa mia ya umeme unaozalishwa nchini hutoka katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, katika mabwawa ya mto Tana, na katika upepo, ambao kiwanda chake kikubwa kabisa, chenye nguvu ya megawati 310, kiko karibu na Ziwa Turkana. Mtu wa Uingereza au wa Marekani akiacha umeme akatumia jua, hesabu yake ya moshi ni moja. Mtu wa Kenya, ni nyingine. Anayenakili hoja za kwao akazileta huku kama zilivyo amekata nguo kwa kipimo cha mtu mwingine.

Lakini dhara ipo, nayo iko katika saa. Baada ya Magharibi, nchi nzima huwasha taa kwa pamoja, hupika, hutazama televisheni, na huoga. Ndipo mahitaji yanapofika kileleni, na ndipo mitambo ya kuchoma mafuta huitwa kusaidia, na baadhi yake iko hapa hapa kwetu, Kipevu na Rabai. Mafuta hayo hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na gharama yake hugawanywa katika bili ya kila mtu kwa jina la malipo ya mafuta: hulipa aliyeoga maji ya moto na aliyeoga ya baridi, hulipa mwenye jumba la Nyali na mjane wa Majengo mwenye taa mbili. Huo ndio mfereji wa Abbas wa zama zetu. Kinachomwagika kutoka katika jengo moja huwarowesha wengine.

Na hapa tangi la jua lina fadhila ambayo vioo vya umeme havina. Vioo vya umeme, kama vile vya Langobaya karibu na Malindi vilivyoanza kazi mwishoni mwa 2021, hutoa nguvu mchana na hunyamaza jua linapotua, isipokuwa viwe na betri. Tangi la maji hupokea joto mchana likalihifadhi, na mtu akioga baada ya Isha huoga jua la adhuhuri. Laondoa mzigo katika saa ile ile iliyo nzito. Kwa hiyo anayesema kuwa amri hii haina msingi wowote, twamwambia: una haraka.

Pili, faida ni ya nani na ni kiasi gani? Hapa ndipo penye utamu, na ndipo amri ilipoteleza.

Maji ya mfereji Mombasa huwa na joto kiasi cha daraja 27, kwa takriban. Kuyapandisha maji lita 100 kutoka hapo hadi daraja 60 kwahitaji umeme wa karibu yuniti 4. Tufanye yuniti moja ni shilingi 25, ingawa bei hupanda na kushuka. Basi ni shilingi 100 kwa siku. Jua likichukua 60 kwa mia ya kazi hiyo, laokoa shilingi 60 kwa siku, yaani karibu shilingi 22,000 kwa mwaka. Tufanye tena kwamba chombo na ufundi wake ni shilingi 150,000. Fedha zitarudi katika mwaka wa 7 hivi, na chombo kikitunzwa vyema chaweza kuishi miaka 15. Si biashara mbaya, kwa mtu ambaye kweli apasha lita 100 kila siku.

Sasa itazame hoteli ya vitanda 50 katika ufuo wa Bamburi. Kipimo cha kanuni kilikuwa lita 40 kwa kitanda, maana yake lita 2,000 kwa siku. Kuyapasha hayo ni karibu yuniti 77. Jua likichukua 60 kwa mia, ni yuniti 46, yaani zaidi ya shilingi 1,100 kila siku ambayo hoteli imejaa. Hata ikijaa nusu ya mwaka tu, ni shilingi 200,000 na ziada. Mwenye hoteli huyu kulazimishwa hakumdhuru; na akikaa miaka bila ya kuweka chombo, huku mzigo wake wa jioni ukibebwa na bili za wengine, basi mtawala akimshika mkono hakumdhulumu. Kadhalika hospitali, kadhalika madobi wakubwa, kadhalika shule za bweni za bara kwenye baridi.

Kisha njoo Mji wa Kale, au Kibokoni, au Kuze. Nyumba ina baba, mama, na watoto wawili. Kipimo cha kanuni kilikuwa lita 30 za maji ya moto kwa kila mtu kwa siku. Watu wanne, lita 120. Kwa kipimo hicho, nyumba imekwisha vuka mpaka wa lita 100, na imeingia katika amri. Lakini nani katika nyumba hiyo aoga maji ya moto? Sisi watu wa pwani hutafuta maji ya baridi! Huenda kuna mtoto mchanga, au bibi mwenye maumivu ya viungo, apashiwe ndoo moja. Lita 20 kutoka daraja 27 mpaka 40 ni thuluthi ya yuniti, nayo haifiki. Ni kama shilingi 7 na nusu kwa siku, au shilingi 2,700 kwa mwaka. Hata jua likimpa joto hilo lote bure, chombo cha shilingi 150,000 kitarudisha gharama yake baada ya zaidi ya miaka 50. Chombo kitakuwa kimekwisha oza mara tatu, na khasa kwa maji yetu ya visima yenye chumvi, yanayojenga gamba ndani ya mabomba, na kwa hewa ya bahari inayokula mabati na skurubu.

Tena kuna jambo la kuchekesha kama lisingekuwa la kusikitisha. Nyumba ngapi Mombasa zina maji ya mfereji kila siku? Maji yetu hutoka mbali, Mzima na Baricho na kwingineko, na hayatoshi. Mitaa mingi hukaa siku nyingi mifereji mikavu, na watu hununua maji kwa mitungi kutoka kwa wasukumaji wa mikokoteni. Mtu anunua maji kwa mtungi, halafu aambiwe aweke tangi la kuyapasha.

Na hizo lita 30 kwa kichwa zimenikumbusha jambo. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, na akioga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano, kiasi kisichofika lita 4. Hatusemi kwamba Serikali iwalazimishe watu kuoga kwa pishi. Twasema tu kwamba aliyekaa mezani akaandika lita 30 za moto kwa kila kichwa, akiwa Lamu au Nyeri, alikuwa akipima mazoea ya watu fulani, kisha akayafanya kuwa haja ya watu wote.

Wanazuoni wa usuli wana kanuni ambayo kila mwanafunzi huihifadhi: hukumu huzunguka pamoja na ila yake, ikiwapo ila huwapo, ikitoweka hutoweka. Ila ya amri hii ni nini? Ni kupasha maji mengi kwa umeme katika saa ya msongamano. Si kuwa na paa. Si kuwa na watu wanne. Ilikuwa yafaa amri ifuate matumizi: mwenye kupasha aulizwe, asiyepasha aachwe. Kanuni ilitaja "haja" ya maji ya moto, na hilo neno ni zuri. Lakini ilipokuja kuipima haja hiyo ikahesabu vichwa na vitanda.

Hapa natarajia muulizaji wetu atatabasamu na kufunga jarida, akidhani tumemtoa kifungoni. Asubiri kidogo, maana tumefika kwenye ile milango ya Abu Shujaa aliyoisahau.

Nyumba zake si za Kuze. Ni maghorofa mapya ya kupangisha, yenye vyumba vya kuogea vilivyotiwa shawa za umeme, zile zinazopasha maji papo hapo, na kila moja ikiwashwa hunywa umeme kama pasi nne au tano kwa mara moja. Kwa nini aliziweka? Kwa sababu ni rahisi kununua. Nani hulipa umeme wake? Mpangaji. Mwenye nyumba ameokoa gharama yake ya mara moja, na mwingine ataibeba kila mwezi kwa muda wote atakaokaa. Mpangaji hawezi kuweka chombo cha jua, kwa kuwa paa si lake, na huenda mwakani akahama. Mwenye nyumba hana haja ya kukiweka, kwa kuwa bili si yake. Basi baina ya wawili hawa jambo lenye faida halifanyiki kamwe, si kwa sababu hesabu ni mbaya, bali kwa sababu anayetoa si anayepata. Soko haliwezi kulitengeneza hili lenyewe, hata likiachwa miaka mia.

Katika hali hii, na katika hii khasa, twaona amri ya Serikali juu ya majengo mapya ina haki. Anayejenga jengo la kupangisha, akalitia vyombo vya kupashia maji kwa umeme, huyo mwenyewe amekiri kwa mkono wake kuwa maji ya moto ni haja ya jengo lake. Ila imethibiti. Akiamrishwa atie jua badala yake tangu msingi, wakati mabomba hayajafunikwa na paa halijamwagwa zege, gharama ni ndogo kuliko kuja kubomoa baadaye. Na atakapopandisha kodi kidogo, mpangaji atampa kwa mkono mmoja kile alichookoa kwa mkono wa pili.

Tena kuna la dini tupu. Aonyeshaye nyumba kwa mpangaji, akamsifia shawa ya maji moto, asimwambie kwamba bili yake ya stima itakuwa mara mbili ya jirani, yu karibu sana na yule aliyeficha chakula kilicholowa chini akaweka kikavu juu. Nasi twajua Mtume alimwambia nini mtu huyo alipotia mkono ndani ya chungu cha nafaka. Hatumhukumu mtu. Lakini mwenye kutaka kuiuliza Serikali kuhusu haki, aanze kwa kujiuliza kuhusu uwazi.

Sasa, gharama ni ya nani? Mawardi, katika al-Ahkam as-Sultaniyya, alipozungumzia kazi ya muhtasibu, amesema kuwa maji ya mji yakikatika au ukuta wake ukibomoka, kwanza hutazamwa Baitul-mali. Ikiwa mna mali, utengenezaji utoke humo. Isipokuwamo, ndipo hugeukiwa wenye uwezo kwa ujumla wao. Tazama mpango ulivyo: hazina ya umma kwanza, kisha wenye uwezo, maskini hakutajwa kabisa. Ikiwa kupunguza mzigo wa jioni ni maslaha ya nchi nzima, basi nchi ina fungu lake la kutoa, hata kama ni kwa kusamehe ushuru na kodi tu. Na katika hili Serikali yetu imekwenda mbele na nyuma: mwaka 2020 iliondoa msamaha wa kodi ya thamani kwa vifaa vya umeme wa jua, na mwaka uliofuata ikaurudisha. Mfanyabiashara aliyeagiza mzigo katikati ya hayo apange vipi hesabu yake?

Tukitazama wengine waliotangulia, mji wa Barcelona wa Hispania (ambao, kwa anayependa tarikhi, ulikuwa mikononi mwa Waislamu mpaka mwaka 801) ulitunga amri kama hii mwaka 1999, ikaanza kazi mwaka 2000, ikitaka jua litoe 60 kwa mia ya maji ya moto. Lakini ilianza na majengo yenye matumizi makubwa, mafundi wakajifunza, na mwaka 2006 ndipo ikapanuliwa kwa mengine. Walipanda ngazi kidato kwa kidato. Sisi tuliruka.

Na huko California, Marekani, tangu 2020 nyumba mpya zimelazimishwa kuwekwa vioo vya umeme wa jua. Wakuu wao walikadiria kwamba sharti hilo laongeza kiasi cha dola 9,500 katika bei ya nyumba, na laokoa dola 19,000 kwa miaka 30. Hata hivyo bingwa mmoja wa iktisadi wa chuo kikuu chao cha Berkeley, Severin Borenstein, aliwaandikia mwaka 2018 akiwataka wasifanye, akisema kuwa umeme huo huo wapatikana kwa bei nafuu zaidi katika mashamba makubwa ya vioo kuliko juu ya paa moja moja. Hoja yake ina nguvu katika umeme. Katika maji ya moto haina nguvu hiyo, kwa kuwa joto halisafirishwi kutoka Langobaya kuja Tudor kwa waya. Lazima likusanywe pale pale litakapotumiwa. Wanaolichanganya jambo la vioo na jambo la matangi, wakalipitisha moja kwa ushahidi wa lingine, waipotosha hesabu.

Limebaki fungu moja ambalo muulizaji hakuliuliza, lakini wengi wetu latuhusu kuliko maghorofa yake, nalo ni nyumba za wakfu. Nyumba nyingi za Mji wa Kale ni wakfu wa misikiti na wa vizazi, kodi zake ni ndogo, kuta zake ni za mawe na chokaa, na mapaa yake mengine hayawezi kubeba tangi la lita 200 bila ya kuhatarisha dari. Msimamizi wa wakfu ni mwenye amana. Pato la wakfu huanza kwa kuitengeneza asili yake, ndipo likafika kwa waliowekewa. Akichukua pato la mwaka mzima akanunua chombo cha kupashia maji ambayo hapana anayeyapasha, na imamu akakosa posho yake au yatima fungu lake, hawezi kusema "Serikali iliniamuru" ikawa basi. Wajibu wake ni kwenda kwa wenye mamlaka na hesabu mkononi, aonyeshe ya kwamba haja haipo. Na kanuni ya 2012 yenyewe ilikuwa na mlango wa kusamehe majengo ambayo chombo hakiwezekani kwa sababu za kiufundi. Lakini wakfu ukijenga maghorofa mapya ya kupangisha, kama zinavyofanya jamaa kadha sasa, hukumu yake ni hukumu ya mwenye maghorofa yule yule, wala jina la wakfu halimpunguzii mpangaji bili.

Ama misikiti yenyewe, tumeulizwa na jamaa mmoja kama yafaa kuweka tangi la jua kwa maji ya udhu, kwa kuwa kuna mhisani aliye tayari kutoa. Katika pwani yetu hapana haja nayo, na mhisani huyo afahamishwe kwa upole kuwa kisima au pampu ni bora zaidi. Hata chumba cha kuoshea maiti, ambacho wengine wamekitaja, madhehebu yetu yapendelea maji ya baridi ila kwa haja kama uchafu mgumu. Na ikitokea haja hiyo, sufuria moja yatosha.